Elfu moja na mia tano ya LUKU na mtaro wetu wa Tandale

Ilikuwa saa tatu usiku, tarehe mosi Aprili 2024, mvua inanyesha tangu alasiri, umeme ukakatika nyumbani. Mtaa mzima ulikuwa unawaka, sisi tu ndio tulikuwa gizani, maana yake uniti zimekwisha. Nyumba yetu ya Tandale, Dar es Salaam, ina mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, na vyumba sita, ukiongeza na banda la uani ninakoishi mimi na mama, kwa hiyo umeme tunachangiana na zamu ya kununua inazunguka. Usiku ule zamu ilikuwa ya mpangaji wa chumba cha tatu, dada anayekaanga chapati na maandazi pale barazani. Alinunua wa elfu tano, akaingiza namba kwenye mita, taa zikawaka. Kisha akaja kunigongea, simu mkononi, khanga ameipandisha juu ya magoti kwa sababu maji yalikuwa yameshaingia uani.

"Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usiku huu. Hebu nisomee hii meseji, naona uniti zimekuja chache."

Nikavaa miwani. VAT asilimia 18, REA ya umeme vijijini asilimia 3, EWURA ya mdhibiti wa nishati na maji asilimia 1, na kodi ya majengo shilingi 1,500.

"Hii hapa ni kodi ya majengo," nikamwambia. "Inakatwa mara moja kwa mwezi. Anayetangulia kununua ndiye anayekutana nayo."

Akatulia kidogo. "Jengo la nani, mwalimu?"

Hakuuliza kwa shari. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nami nilisimama mlangoni na miwani yangu, mvua inapiga bati, nikakosa jibu. Swali lile nimekaa nalo wiki sita sasa, na ndilo limenifanya niandike haya.

Mimi ni mwalimu wa hisabati shule ya msingi. Nyumba hii aliijenga marehemu baba mwaka 1976, akiwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, chumba kimoja kimoja, kwa mshahara wake na kwa fedha za upatu za mama. Ni nyumba ya Kiswahili kama nyingine zote hapa: korido katikati, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, uani kuna jiko, choo na banda. Chumba kimoja analala mdogo wangu, vitano nimepangisha, elfu sitini kila kimoja kwa mwezi. Baba aliniachia leseni ya makazi na daftari. Daftari lenyewe ni kaunta buku nene, jalada limefungwa kwa gundi ya viatu, na humo kila shilingi iliyotoka kwa ajili ya nyumba imeandikwa: misumari, mabati, kuchimba choo upya, dawa ya mchwa. Baba alipofariki niliendelea kuandika pale alipoishia.

Dada alipoondoka nililifungua nitafute kodi ya jengo. Mwaka 2018, shilingi 10,000, na pembeni nimeandika "foleni toka saa moja hadi saa nane". Mwaka 2019, 10,000. Mwaka 2020, 10,000. Halafu tangu Agosti 2021, kodi hii ilipohamishiwa kwenye LUKU, hakuna kitu. Kurasa zinaendelea, bati limenunuliwa, kitasa kimenunuliwa, lakini kodi ya jengo haimo. Nilikuwa nimeacha kuilipa bila kujua kwamba nimeacha. Ilikuwa inalipwa na muuza chapati, na kijana wa bodaboda wa chumba cha kwanza, na yule mlinzi wa usiku, yeyote ambaye uniti zilimwishia mwanzo wa mwezi.

Nikapiga hesabu. Kuanzia Agosti 2021 hadi Juni 2023 ni miezi 23, elfu moja kila mwezi. Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500, na hadi Aprili hii ni miezi kumi. Jumla 38,000. Ni kweli kuna miezi zamu ya kwanza ilikuwa yangu, lakini sikuweka kumbukumbu, na siwezi kuitumia hiyo kujipunguzia deni.

Nyumba nyingi za kupanga mjini hapa zina mita moja, na sidhani kama niko peke yangu. Kodi ni ya mwenye jengo. Kuipitisha kwenye umeme kuliondoa foleni na kukawafikia hata wale ambao hawakuwahi kulipa maisha yao yote, na hilo nalisifu kwa dhati kwa sababu nilikuwepo kwenye zile foleni. Lakini kwenye nyumba ya vyumba sita mita haijui mwenye nyumba ni nani. Tuliachiwa tuelewane wenyewe, na mahali ambapo mmoja ndiye anayeweza kukuambia uhame, kuelewana huko mara nyingi ni mmoja kunyamaza.

Sasa yale maji.

Nyuma ya nyumba yetu unapita mtaro. Unaanzia karibu na barabara ya lami, unapinda kwenye msikiti, unapita uani kwa watu, unakwenda kumwaga Mto Ng'ombe. Ule mto zamani ulikuwa unakula nyumba. Kila masika kingo zilimomonyoka, leo ukuta wa choo, kesho chumba. Siku hizi umejengewa kingo za zege kupitia mradi wa kuliendeleza jiji, DMDP, ule uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 mwaka 2015 kwa ajili ya Kinondoni, Ilala na Temeke. Ni kazi kubwa na nzuri. Mama yangu ana miaka 78, na mara ya kwanza nilipompeleka kuuona ule mto ukiwa umetulia ndani ya zege, alisimama pale muda mrefu bila kusema kitu.

Lakini mtaro wetu si mto. Mtaro huu waliujenga wakazi wenyewe mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Niño. Kwenye daftari ipo, mwandiko wa baba: "Mchango wa mtaro, 3,000. Siku mbili za kazi." Watu walichimba kwa majembe, wakapanga tofali, wakamwaga zege. Nilibeba kokoto kwa ndoo. Tangu siku ile mtaro ule umekuwa wa watu wote, na kwa hiyo hauna mtu. Mchanga umejaa, chupa za maji, pampasi, viroba, matambara. Wapo waliojenga ngazi juu yake. Sehemu mbili ukuta umebomokea ndani. Nimewahi kupeleka barua kwenye ofisi moja nikiomba uzibuliwe, nikaambiwa kwa heshima zote kwamba fungu hilo halipo.

Usiku wa tarehe mosi maji yaliyotakiwa kufika mtoni yalifika uani kwetu, yakapanda kizingiti cha mlango wa nyuma, yakaingia koridoni. Tuliamka wote. Mlinzi hakuwepo, yuko lindoni, tukafungua chumba chake kwa ufunguo wa akiba tukanyanyua godoro. Dada wa chapati alikuwa na mfuko wa unga wa kilo 25 chini ya kitanda, ameununua siku hiyohiyo. Tulipoufikia ulikuwa umeshageuka uji. Na kuna jambo ambalo wakazi wa bondeni wanalijua na huwa hatulisemi mbele za wageni: mvua kama ile ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo. Wanatoboa shimo, uchafu unakwenda na maji, maana kulipia gari la kunyonya hawawezi na gari lenyewe halipiti kwenye vichochoro vyetu. Kwa hiyo yale maji ya koridoni unajua kabisa yana nini, na watoto wamo humo humo wanashika ndoo.

Nimeona makubwa zaidi. Desemba 2011, mvua ambayo ilisemwa haijawahi kuonekana Dar es Salaam tangu 1954, watu wapatao arobaini walikufa, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikapelekwa Mabwepande. Ya kwetu mwaka huu haikuua mtu. Haitaandikwa popote. Lakini katika daftari nimeiandika yote: viroba 30 vya mchanga, 75,000, vibarua wawili, 30,000, kupiga ripu upya na rangi, 185,000, chumba cha kona kukaa bila mtu miezi miwili, Aprili hii na Mei, 120,000. Jumla 410,000. Unga wa dada sijauweka, wala siku nne alizokaa bila kukaanga, wala hospitali ya mtoto wa chumba cha tano.

Kodi ya jengo kwa mwaka mzima ni 18,000.

Nilipoziona namba hizo mbili kwenye ukurasa mmoja ndipo nilipobadilika. Kabla ya hapo, mtu akisema kodi ya majengo ipande, ningekuwa wa kwanza kulalamika. Nani asiyechoka na makato? Sasa naona kwamba kodi kubwa ya mtaro mbovu tayari naitoa, tena zaidi ya mara ishirini ya ile ya serikali, ila naitoa kwa fundi wa ripu, naitoa kila masika, na mwakani naanza upya kwa sababu hakuna kilichotengenezwa.

Jumapili moja asubuhi nikachukua daftari la shule nikautembea mtaro wote, kutoka barabarani hadi mtoni, nahesabu. Nyumba zinazougusa ni 64. Nikamwita fundi aliyejenga choo chetu, tukapima kwa hatua sehemu iliyobomoka na inayohitaji mifuniko. Akakadiria 4,200,000, kwa tofali, saruji, nondo, mchanga na ufundi. Kuuzibua tu, bila kujenga chochote, tuliona vibarua wanne kwa siku tatu, mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika. Kwa 15,000 kwa siku ni 360,000. Kuubeba ule mchanga na taka kwa toroli na kirikuu hadi unakotakiwa, 150,000. Jumla 510,000 kwa mwaka.

Nyumba 64 kwa 18,000 ni 1,152,000. Nusu yake ni 576,000.

Niliirudia hesabu hii mara tatu kama ninavyowaambia wanafunzi. Yaani nusu ya kodi tunayolipa sasa hivi, bila kuongeza hata senti, ingetosha kuuweka mtaro wetu wazi mwaka mzima, kama nusu hiyo ingebaki hapa. Mtaani haibaki. Inakatwa kwenye umeme, inaingia kwenye kapu kubwa pamoja na nyingine zote. Humo kuna shule ninayofundisha na dawa za zahanati, sikatai. Lakini katika kapu kubwa hakuna anayeuona mtaro wa nyumba 64.

Kwa kiwango hiki, hata hivyo, tungezibua tu. Kuujenga hatuwezi. Ndiyo maana nasema ipande.

Nasema nyumba kama yangu, inayoniingizia laki tatu kwa mwezi, ilipe 60,000 kwa mwaka. Ni pango la chumba kimoja kwa mwezi mmoja, kati ya miezi sitini ya vyumba ninayopokea kwa mwaka. Kama nyumba zote 64 zingekuwa kama yangu, nusu ingekuwa 1,920,000. Toa za kuzibulia, inabaki 1,410,000, na kwa miaka mitatu mtaro wote una ukuta na mifuniko. Si zote zilizo kama yangu. Wapo wenye vyumba viwili vya bati chakavu wanaoishi wenyewe na wajukuu, na hao wabaki walipo au washushwe. Mzee wa miaka 60 na kuendelea anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe sheria inamsamehe, na msamaha huo usiguswe. (Mama yangu anastahili kwa umri, lakini sikuona haki kuuomba kwa nyumba yenye wapangaji watano.) Basi tuseme miaka mitano badala ya mitatu. Huo mtaro umeshakaa miaka 26.

Mkutano wa mtaa ulifanyika katikati ya Mei, baada ya Kimbunga Hidaya kutupita. Mwenyekiti alileta hoja ya mchango wa 10,000 kila nyumba kwa ajili ya mtaro. Watu wakaguna. Nikanyoosha mkono nikasema yale niliyoandika hapa, na kwamba kuliko kuchangishana kila mara mvua ikituzidi, tupaze sauti kodi ya majengo ipande kwa wenye uwezo na sehemu yake irudi mtaani. Sikupigiwa makofi.

Kijana wa bodaboda alisimama wa kwanza. Alisema yeye tayari anachangia barabara kila siku anapojaza mafuta, ile shilingi mia kwa lita iliyoongezwa mwaka 2021 kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na kichochoro chake bado anakisukumia pikipiki. Ana haki kabisa. Mama mmoja mwenye nyumba ya ghorofa moja kule kwenye kona akasema yeye analipa 90,000 kwa kila sakafu kwa sababu tu amejenga kwenda juu, kiwanja kilikuwa kidogo hakikuwa na pa kutanukia, wakati nyumba za chini za Masaki, zenye bustani na bwawa la kuogelea, zinalipa 18,000 kama kibanda cha uani.

Huyu mama alinigusa, kwa sababu ndipo palipo na ugonjwa. Zamani kodi hii ilifuata thamani ya jengo. Mwaka 2018 ikawekwa bei moja, elfu kumi kwa nyumba ya kawaida na elfu hamsini kwa kila ghorofa mjini, na tangu hapo imepanda tu bila kubadilika umbo. Naelewa kwa nini. Kuthamini nyumba moja moja kunahitaji wathamini, muda na fedha, na Dar es Salaam kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya milioni tano, wengi wetu tuko kwenye makazi ambayo hayakupimwa. Lakini bei moja maana yake ni kwamba ikiongezwa hivihivi, itamwumiza wa Tandale na wa Masaki hatajua hata kama imeongezwa. Kuipandisha bila kuigawa upya mimi nitaipinga, hata peke yangu.

Na inawezekana kuigawa bila kungoja mthamini aingie kila chumba. Arusha walipotumia picha za setilaiti kuhesabu majengo, walikuta zaidi ya laki moja wakati vitabu vyao vilikuwa na kama 23,000. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, mwaka 2020 walianza kuzipa nyumba alama kwa vitu vinavyoonekana ukiwa nje: ukubwa, paa, ukuta, barabara iliyo mbele yake, bwawa la kuogelea. Nyumba kubwa alama nyingi, kibanda alama chache. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wangeweza kufanya kazi hiyo. Tena Tandale tumeshachorwa. Mwaka 2011 vijana walipita hapa na vifaa vyao kwenye mradi wa Ramani Tandale, na 2015 wakaja wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo, wanauliza maji hufika wapi. Mama aliwaonyesha alama ukutani kwa kidole.

Mzee mmoja aliyenyamaza muda wote ndiye aliyetoa hoja ngumu kuliko zote. Alisema: "Mwalimu, mimi nakumbuka mji huu usipokuwa na halmashauri." Alikuwa anasema juu ya mwaka 1972, serikali za mitaa zilipofutwa, na mipango yote ikawa inatoka juu. Halmashauri za miji zilirudishwa 1978, na katikati ya hapo, alisema, mitaro ilikufa, taka zikakaa, kipindupindu kikaingia. Tangu hapo, akasema, kodi ya nyumba imekuwa kama mpira. TRA, mamlaka ya mapato, wakapewa kuikusanya Dar mwaka 2008, ikarudi kwa manispaa 2014, ikarudi TRA 2016. "Leo unataka ipande. Kesho itakuwa kwa nani?"

Sikuwa na la kumjibu pale. Nimelifikiria baadaye na bado nadhani anaunga mkono ninachosema, ingawa mwenyewe hakuona hivyo. Miaka ile aliyoikumbuka inaonyesha mji ukiachiwa uhudumiwe kutoka mbali unakuwaje. Mto Ng'ombe ulijengwa kwa mkopo, na mkopo ule ulikuwa halali kwa kazi ile. Lakini sijaona benki inayokopesha fedha za kuzoa mchanga kila Oktoba. Kazi ile haina uzinduzi wala utepe wa kukata. Isipofanyika miaka mitatu, mchanga na pampasi za mitaro kama wetu zitaishia kwenye mto uliojengwa kwa dola, na hapo tutakopa tena. Fedha ya kazi ndogo ya kila mwaka lazima itoke kwa watu wanaoguswa na kazi hiyo, na iwe karibu nao kiasi kwamba wakiikosa wajue nani wa kumgongea. Ninachotaka ni ubao nje ya ofisi ya mtaa, uandikwe kwa chaki: tumepokea kiasi hiki cha kodi ya majengo, tumelipa vibarua hawa, mtaro umezibuliwa tarehe hii. Nikiuona ubao huo nitalipa elfu sitini bila kuombwa mara mbili. Na mwaka ambao hautaandikwa kitu, nitakwenda kuuliza.

Mkutano uliisha tumekubaliana mchango wa 5,000, na kuzibua Jumamosi inayofuata kwa mikono yetu. Walitokea watu 31. Tulitoa mchanga hadi saa tisa, tukafika nusu ya njia. Ndani tulikuta mlango mzima wa friji.

Jioni ile, tumeoga, nilimwita dada wa chapati barazani. Nilikuwa nimeshanunua umeme wa 38,000 nikauingiza kwenye mita, nikamweleza kwa nini: ni ile kodi ya jengo iliyokuwa inakatwa kwao tangu 2021. Nikamwambia kuanzia sasa tarehe mosi ya kila mwezi nitakuwa wa kwanza kununua mimi, ili makato yanikute mimi. Akashukuru. Halafu akauliza, huku anakanda unga, hanitazami:

"Na ule mtaro mwalimu, ukishatengenezwa, maji yasipoingia tena, si chumba kitakuwa cha elfu themanini?"

Hilo sikuwa nimelihesabu. Kwenye kurasa zangu zote za hesabu halimo. Lakini ni kweli: vyumba vya kule juu, ambako maji hayafiki, vinapangishwa elfu themanini, na mimi mwenyewe najua bei yangu iko chini kwa sababu ya maji. Mtaro ukipona nyumba yangu itapanda thamani, nitavuna mimi, na yeye aliyebeba ndoo za mchanga kutwa nzima ndiye atakayehama kutafuta bonde lingine.

Nikaingia ndani nikalitoa daftari. Nikaandika kwamba pango la chumba cha tatu, na vingine vinne, halitapanda kwa miaka mitatu, mtaro utengenezwe usitengenezwe, kodi ya jengo ipande isipande. Nikaweka saini yangu. Nikampa asome. Akafuta mikono kwenye khanga, akasoma polepole, akaniomba kalamu.

"Hujaweka tarehe," akasema, akaiandika mwenyewe.